Jeneza la Miteja na Lori la Yasini

Shemeji yangu Yasini, mkazi wa Rasbura, alikuwa na lori moja tu, na hilo alilipata baada ya kuendesha magari ya watu tangu hajaota ndevu. Mwaka juzi alipakia katoni za simu bandarini Dar es Salaam, azipeleke Msumbiji. Mzigo wa kupita njia haulipiwi kodi hapa kwetu. Forodha wanafunga mlango kwa lakiri, nawe unatia sahihi kwamba utaufikisha mpakani.

Karibu na kijiji cha Miteja, njia ya Lindi, akakuta jeneza linavuka barabara, wachukuzi wachache, wazee watupu. Sasa sisi watu wa pwani hii hatujui kulipita jeneza. Yasini akaegesha, akafunga milango, akatia bega. Maiti hakumjua hata jina. Akaenda naye mpaka kaburini, akatia udongo, akaitikia dua. Kurudi, lakiri imekatwa, ndani hamna hata katoni.

Mwenye mzigo alikuwa na bima. Alilipwa, akanyamaza. Ofisi ya kodi haikunyamaza.

"Mama, nimeibiwa," Yasini alimwambia ofisa. "Sikuuza hata simu moja."

"Pole, baba. Lakini mzigo haukutoka nchini. Kwa sheria ni kama umeuzwa hapa, na kodi yake ni juu ya msafirishaji."

"Hata akiibiwa?"

"Ulikuwa mikononi mwako. Nani alikuambia uache gari?"

"Maiti."

Mama yule akainamisha uso. Huruma alikuwa nayo, ila sheria haina. Nami nasema, anayechukia na achukie: simu kala mwizi, kutapika katapishwa aliyekwenda kuzika.

Lori likapigwa mnada. Tajiri aliyelinunua akamwajiri Yasini huyo huyo aliendeshe, kwa sharti moja: hakuna kusimama njiani, liwe liwalo. Angefanyaje? Dada yangu Mwanahija na watoto wanataka kula.

Safari ya kwanza nilipanda naye. Pale pale Miteja, jeneza tena, na wachukuzi wale wale wachache. Mzee mmoja akamtambua.

"Huyo mwenzetu!" akaita, akimpungia. "Njoo, mwanangu, tupokee!"

Yasini akavua kofia, akaiweka mapajani, akakanyaga mafuta. Nilipogeuka, mkono wa mzee ulikuwa bado juu.

Alilia mpaka Lindi, bila kusimama.