Hata kwa Mama Yake, Usiitume

Ilianza Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, Zuhura mdogo wangu, wewe ukiwa chuoni kwa maalimu, unasoma Kurani. Binamu yetu Salma aliingia na sare ya shule, akajifungia chumbani kwangu, akanipa simu yake nisome. Feisal, yule kijana wa nyumba ya pili, alikuwa amemwandikia kwamba asipomtumia picha nyingine, ile ya kwanza ataitia kwenye kundi la timu yao ya mpira. Ya kwanza Salma alijipiga mwenyewe, bila stara, akamtumia kwa kumwamini. Ana miaka kumi na sita.

Sikuweza kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga.

Mamake alipoambiwa hakulia. Alitaka simu. "Lete. Namtumia Bi Nuru aone mwanawe anavyofanya. Ataona haya, atamkanya, yataisha."

Unajua ndivyo tunavyomaliza mambo hapa Likoni, mama kwa mama, kahawa ikinywewa, kijana anaomba radhi, mlango unafungwa. Alishaifungua simu.

Bi Mishi, somo yake Salma, aliyemfunda alipovunja ungo, alikuwa amekaa mkekani.

"Mama Salma, weka simu chini."

"Namtumia mwanamke mwenzangu. Kuna ubaya?"

"Upo. Huyu ni mtoto. Ukiituma, nawe umesambaza picha ya mtoto, na sheria haina habari na hasira zako. Utakaa benchi moja na huyo Feisal, mkitazamana."

Kisha akamgeukia Salma. "Mwanangu, nilipokuwa na umri wako nilimpa mvulana picha ya studio, kichwa wazi. Somo yangu aliifuata kwao, akaichana, akanigombeza hadi Magharibi. Ikaisha. Hii yako haichaniki. Siri za wasichana wa mtaa huu ninazo tele, lakini hii siitunzi. Nikiitunza, namtunzia Feisal."

Salma akauliza polepole, "Na mimi si niliituma mwenyewe? Watanifunga?"

Bi Mishi hakumdanganya. "Watakuuliza, utajibu. Ndiyo maana twende polisi sisi kwanza, kabla hatujaitwa."

"Bi Nuru hatanisalimia tena," mamake akasema.

"Huenda."

Sasa Zuhura, ukiingia kidato cha kwanza utapewa simu, na mimi ana kwa ana nitaona haya kukwambia. Picha ya namna hiyo usijipige, wala usimwombe mtu, hata kwa mzaha. Ikikufikia ya mwenzio usiipitishe popote, hata kama wataka kumsaidia, maana hata kuiweka tu kwenye simu ni kosa. Wavulana hudhani wao bado watoto hawaguswi. Wallahi wanaguswa, wana mahakama yao, na aliyetimiza kumi na minane anakabiliwa na jela. Ukitishwa, usitume ya pili, usifute vitisho, mwambie mtu mzima siku ile ile. Mola akusitiri, na siku utakayokosea akupe mtu wa kumkimbilia.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi tulikwenda kituoni, dawati la watoto. Askari mwanamke akauliza shida yetu. Mama Salma akatazama sakafu, Bi Mishi akanigeukia mimi, Salma akanibana mkono. Mimi, ambaye hata dukani hunong'ona, nikasema, "Shikamoo. Binamu yangu anatishwa." Nikaiweka simu mezani, ikiwa imezimwa, nikavuta kiti Salma akae.