Aliyeshika Asichokitambua

Celina alipoitwa na kaka yake Wilbert aje Kamachumu kumtunza wifi yake, alitoka Muleba siku ileile. Ila hakukaa sana kabla hajaanza kumtilia shaka.

Elieth, mke wa Wilbert, alikuwa ameponea chupuchupu. Wakati wa mvua aliingiza jiko la mkaa chumbani apate joto, akafunga dirisha, na hewa ya mkaa ikamzimisha. Alipozinduka hospitalini, rangi aliziona, lakini vitu vyenyewe hakuvitambua tena. Watu aliwajua kwa sauti, au kwa rangi ya nguo.

Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Akiulizwa kilichopo mezani, alijibu, "Kitu cheupe." Lakini akiambiwa akichukue, mkono ulikwenda moja kwa moja, vidole vikijitanua kadiri ya kikombe kabla hata havijakigusa. Punje ya kahawa aliiokota kwa ncha za vidole viwili. Siku moja Celina alimnyooshea mwiko, akamuuliza kama umesimama au umelala. Elieth akasema hajui. Alipoambiwa aushike, kiganja kiligeuka chenyewe kikaufuata ulivyokaa.

"Huyu anaona," Celina alimwambia kaka yake. "Amechoka kupika tu."

Wilbert akamweleza alivyoelezwa na daktari kule Bukoba: kwamba kichwani, njia ya macho inayouongoza mkono siyo ile inayotambua kitu, na hewa ile iliharibu moja ikaiacha nyingine. Celina aliitikia kwa kichwa. Moyoni aliona kaka yake amedanganywa, tena na watu wawili.

Akangoja shule zifungwe. Joyness, binti pekee wa Elieth, aliporudi kutoka bweni, shangazi yake alimwahi njiani, akamvalisha sweta lake mwenyewe la njano, lile ambalo Celina alilivaa kila siku, akamtuma ampelekee mama yake chai bila kusema neno. Mama gani, Celina aliwaza, atamwona mwanawe baada ya miezi yote hiyo asishtuke?

Elieth alikuwa ameketi barazani. Alilitazama sweta, akanyoosha mkono, akakishika kikombe barabara, hata tone halikumwagika.

"Asante, wifi," alisema. "Joyness hajafika tu?"

Msichana akasema, "Mama, ni mimi," na Elieth akakiweka kikombe chini, akaanza kumpapasa uso.

Celina, aliyekuwa akichungulia nyuma ya mlango, alirudi jikoni akakaa mbele ya ndizi ambazo hazijamenywa, asizimenye. Jioni alikwenda kumwomba radhi wifi yake. Elieth hakukasirika. Alisema alijua siku nyingi kwamba anachunguzwa, maana sauti ya mtu mwenye shaka haijifichi.

"Usione haya," alimwambia, akiugeuzageuza mkono wake wa kulia. "Hata mimi huwa siuamini."