Ubao wa Baba, Stesheni ya Zamani

Tulikuwa tunatengeneza lile jukwaa la kupakilia mahindi kwenye stesheni ya zamani hapa Eldoret, ambapo treni iliacha kusimama kitambo. Marehemu baba alibeba magunia pale, nami nikimletea chai kila mchana.

Fundi mwenzangu alipotaka kung'oa ubao mmoja uliobonyea katikati, nikaruka.

"Wacha! Hapo ndipo baba alikuwa anakaa!"

Nikapiga magoti, nikaunusa. "Bado una jasho lake," nikasema, machozi yakinitoka. Wenzangu wakavua kofia.

Mama Chebet, muuza supu wa hapo kando, akanishika bega.

"Pole, kijana yangu. Lakini huo niliuleta juzi kuziba shimo. Ni ule nilikuwa nakatia matumbo."