Mtungi Wenye Masikio

Nikiikumbuka miaka ile ya arobaini, kwanza nauona ukungu. Unapanda kutoka bondeni, unafunika migomba, halafu mji wa Morogoro huko chini unapotea kabisa, inabaki sauti ya treni tu. Ndani ya ukungu huo namwona mama amekaa mlangoni, mkono wa kulia kaulaza mapajani. Aliteleza njia ya kisimani, mkono ukavunjika, ukaunga vibaya. Haukupanda tena juu ya bega, na kwenye miteremko yetu mtungi wa kichwani usioshikwa na mkono haufiki nyumbani.

Basi mama akawa mtu wa kuletewa maji. Alikuwa anakunywa kidogo kidogo, kama mgeni. Jamani, hilo liliniuma kuliko mkono wenyewe.

Mimi nilikuwa mfinyanzi, tena mwenye ulimi mkali. Nikaamua kumfinyangia mtungi mdogo wenye masikio mawili shingoni, yapitishwe kamba, aubebe mgongoni. Masikio yakabanduka motoni. Nikafinyanga mwingine, yakabanduka tena.

Kwetu hakuna aliyechoma vyungu peke yake. Tulikuwa wanawake wanne, na kabla ya kupanga kuni kila chombo kilipita mikononi mwa wote. Kila mmoja alikigonga, akakipapasa, akataja kasoro moja. Mwenye chombo alinyamaza. Kujibu kulikuwa mwiko. Mwiko huo niliuchukia, acha tu; kwa ile mitungi miwili ya kwanza nilinyamaza kwa mdomo tu, sikuwasikiliza.

Nilipoleta mtungi wa tatu walicheka kwanza, wakasema huo utasikia umbea wetu wote. Kisha jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima sana, akasema masikio nimeyabandika juu juu. Nitoboe ukuta wa mtungi, mikia ya masikio itokeze ndani. Wifi yangu akasema udongo wangu laini mno, niutie vigae vilivyosagwa. Binamu yangu akasema naukausha mbio mbio, niufunike kwa majani ya mgomba. Mimi kimya, nimevimba kwa hasira. Ningeruhusiwa kujibu, ningejitetea mpaka jua litue.

Kwa kuwa mdomo ulifungwa, mikono iliendelea kuupapasa mtungi, na maneno yao yakawa yananizunguka taratibu pamoja na ukungu. Nikawa kama naota macho wazi. Nikauona mgongo wa mama, nikaiona kamba. Kwani masikio lazima yakae shingoni? Niyashushe tumboni, na upande mmoja niubapishe, mtungi umlalie mgongoni kama mtoto. Hilo hakulisema yeyote kati yao, lakini nililiona wao wakisema.

Ule wa tatu sikuuchoma. Vigae vya ile mitungi miwili ya kwanza nikavisaga, nikavichanganya na udongo mpya, nikafuata yote niliyoambiwa. Siku ya kuchoma sikuthubutu kutazama. Wifi ndiye aliyeuchokoa majivuni kwa mti, akaugonga kwa ukucha. Ukalia vizuri. Masikio yalikuwepo yote mawili.

Asubuhi iliyofuata niliamka, mama hayupo mlangoni. Nikasimama uani, mbele yangu ukungu mtupu. Kisha akatokeza kidogo kidogo, kainama, mtungi mgongoni, kamba kaishika kwa mkono wa kushoto. Akautua, akachota kata ya maji, akanipa.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Nimeteka mwenyewe."

Nikanywa huku nalia. Akachota nyingine, ya kwake, akainywa yote bila kupumzika.