Kudura achagua taipureta ya kwendea chuo

Saa tatu asubuhi, Kabasa mjini Bunda, Kudura Yunusu amefumba macho mbele ya taipureta tatu zilizopangwa juu ya magunia ya chumvi. Mwenye duka, Rashidi, anamtazama kama mtu aliyeingia dukani kusoma dua.

"Dada, mashine inanunuliwa kwa macho," anamwambia.

"Mimi nanunua kwa vidole," anajibu Kudura.

Ana sababu. Kudura, mwenye umri wa miaka 26, ni fundi cherehani wa Nyasho, Musoma, na mwezi ujao anatakiwa kuripoti chuo cha biashara huko Mwanza. Barua ya chuo imesema mashine za pale hazitoshi. Kila mwanafunzi aje na yake ya kufanyia mazoezi. Atakayeshindwa mtihani wa kuchapa mwisho wa muhula wa kwanza, hata kama hesabu zake zimenyooka, atarudishwa nyumbani.

Cha ajabu ni kwamba kuchapa anajua, ila mashine hajawahi kuwa nayo. Alifundishwa na jirani yake, mhazili mstaafu aitwaye mama Hyasinta, miaka ile ambayo utepe wa taipureta ulikuwa adimu kuliko sukari. Mama huyo aliwachorea wanafunzi wake vitufe juu ya vipande vya boksi. Kudura alikiweka chake kando ya cherehani, na kila alipopumzisha miguu, vidole vikaanza kazi.

"Nilikuwaga nachapa barua nzima, halafu natafuta iko wapi," anasema akicheka. "Mteja mmoja akaenda kumwambia mama kuwa nimerukwa akili."

Mwaka huu wa 1993 maduka yamejaa. Vitu vilivyokuwa vikiombewa kibali sasa vimelundikwa barazani, kila kimoja na kilikotoka. Kazi imebaki kuchagua, na Kudura ana udadisi wa mtu aliyezoea kugeuza nguo aone mshono wa ndani. Wiki iliyopita alifika mpaka Butiama kuangalia mashine ya mwalimu mmoja, akakuta vitufe vitatu vimeng'oka. Mwalimu akamweleza kwa utulivu kuwa herufi hizo hazitumikagi sana.

Hapa Kabasa, ya kwanza kukataliwa ni ya umeme, inayong'aa kuliko zote. "Kwetu Nyasho umeme unakujaga kusalimia tu," anasema Kudura, na Rashidi anaisogeza kando.

Ya pili ilimteka moyo tangu alipovuka kizingiti. Ni ndogo, ya kijani, ina begi lake, na imetoka Bujumbura. Bei yake ni shilingi 30,000; akiba ya Kudura, miaka miwili ya kushona sare za shule, ni 34,000. Anaingiza karatasi, anafumba macho, anachapa jina la mji wake. Anapofumbua, karatasi imeandikwa: ,uso,q.

"Mji gani huo?" anauliza Rashidi.

Wote wawili wanainama juu ya vitufe. Herufi zipo zote, ila kadhaa zimehamishwa, kwa mpangilio wa watu wanaoandika Kifaransa. Rashidi anaapa kuwa hakujua.

"Mimi nauza, sichapagi," anajitetea. "Lakini utazoea hii kitu. Mwezi mmoja tu."

"Nikizoea hii, mtihani nitafanyia kwenye za chuo. Siku hiyo vidole vitaniandikia nini?"

Anafunga begi polepole. Inamuuma kuiacha, na hafichi.

Ya tatu ni kubwa na nzito, iliyouzwa na shirika la umma lililofungwa milango. Musoma inatoka sawasawa, ila herufi ya mwisho imefifia, kwa sababu inabonyezwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na boksi halikuwahi kukidai nguvu kidole hicho. Kudura anarudia na kurudia mpaka herufi inakolea.

"Kitazoea," anasema, akikitazama kidole kana kwamba amekigundua leo.

Tatizo ni bei. Rashidi anaanzia 60,000, anashuka hadi 55,000, na hapo anagoma. Kudura ana kitu kimoja tu cha kuongezea. Ni cherehani yake.

Alhamisi, Rashidi anafika Nyasho na pikapu, taipureta ikiwa nyuma. Bi Fatu, mama yake Kudura, amekaa barazani amefura. Tangu mumewe afariki, nyumba hii imeendeshwa na cherehani.

"Hii inatulishaga," anasema. "Hiyo itatulisha nini? Karatasi?"

"Mjomba wa Suguti ameahidi muhogo, mama. Nivumilie nimalize chuo."

Rashidi anapoifunga cherehani kwa kamba, Kudura anageukia ukuta. Analia kidogo, anajifuta kwa ncha ya kanga, kisha anaomba asaidiwe kuingiza taipureta ndani.

Baadaye anamweleza mwandishi wa makala haya mpango wake: akipata cheti, atafungua chumba hapahapa Nyasho, awachapie wafanyabiashara wadogo ankara na barua za benki, na kuwaonyesha namna ya kuweka hesabu. "Sasa hivi kila mtu anauza kitu," anasema. "Lakini akitaka mkopo, hajui aanzie wapi. Nataka aanzie kwangu."

Anarudi ndani kufanya mazoezi. Muda si mrefu anafika mteja, kitambaa cha sare begani, akiuliza kama fundi yupo. Vitufe vinasikika dirishani, na safari ya Mwanza bado wiki mbili. Bi Fatu ananyoosha mgongo.

"Hayupo," anasema. "Amekwenda chuo."