Magoti ya Mama na Sindano za Kichina

Mama yangu haumwi. Muulize mtu yeyote hapa mtaani kwetu Juba Na Bari, Sudan Kusini. Amepitia vita, ukimbizi na malaria zisizo na idadi, lakini ukimuuliza hali atakujibu "kwes", yaani salama tu, kabla hujamaliza swali. Mimi niliyelelewa Kenya, ambako mtu akijikwaa kidole ploti nzima inajua, tabia hii imenipandisha presha kwa miaka mingi.

Magoti yalianza kumsumbua tuliporudi nyumbani. Kwanza alishika ukuta akiinuka, baadaye akawa ananishika mimi. Ana shamba dogo la karanga kule Rejaf alilorithi kwa mama yake, na kazi ya karanga ni kupiga magoti, kuanzia palizi hadi kuvuna. Siku moja alisema, akitazama pembeni, kwamba mvua zikija na magoti yakiwa hivi, shamba atawaachia ndugu. Niliogopa. Mama bila shamba lile ningemwona akizeeka mbele ya macho yangu.

Ndipo nikasikia kuna zahanati karibu na mtaa wa Hai Cinema ambapo daktari wa Kichina, msichana mdogo tu, alikuwa akishirikiana na madaktari wetu. Walikuwa wanafanya utafiti: je, sindano za tiba ya asili ya kwao zinawasaidia watu wenye maumivu ya magoti ya muda mrefu? Nikampeleka Mama, na kwa kuwa daktari hakujua lugha yetu, ila Kiingereza, nikawa mkalimani.

Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele. Mama alifumba macho akasali Baba Yetu, na alipofika kwenye amina zilikuwa zimeshakaa. Kila tukienda, daktari aliuliza kwanza: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni kiasi gani?

"Mwambie sifuri," Mama alisema, mara ya pili tu tulipokwenda.

"Mama! Si asubuhi nimekuinua kitandani?"

"Mtoto wa watu ameacha kwao, amekuja kunishika magoti. Sasa mimi niseme kazi yake ni bure? Mwambie sifuri."

Mkalimani haongezi wala hapunguzi, nilikuwa nimeonywa. Nikasema sifuri, meno nimeyauma. Tuliendelea hivyo mpaka siku ambayo daktari alitupa habari njema: waliopona wanamaliza matibabu, na Mama amepona. Hongera na kwaheri.

Pale nje kulikuwa na ngazi. Mama alizishuka kiubavu, mkono ukutani, akikunja uso. Nilishindwa kujizuia, nikafoka mpaka walinzi wakageuka. Daktari akatoka kuona kuna nini. Alimtazama Mama akimalizia kushuka, akaenda kukaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Akasema wagonjwa karibu wote walikuwa wanampa sifuri, naye alikuwa ameanza kushangaa. Kumbe akina mama wale wote walikuwa wanampa heshima badala ya jibu.

"Mwambie Mama nimetoka mbali kutafuta ukweli," aliniambia. "Akinificha, nitarudi kwetu mikono mitupu."

Nilitafsiri. Kwetu mgeni hatoki mikono mitupu, hata kama kilichopo ni karanga za kujaza kiganja. Mama aliachia ukuta, akamgeukia yule binti.

"Inauma," alisema. "Inauma sana, binti yangu. Nikilala inauma, nikiamka inauma."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Nililia, na sikuona haya.

Alirudishwa kwenye matibabu. Daktari akaleta bambar, kile kistuli kifupi cha kamba tulicho nacho kila nyumba, akawa anamwomba kila mama akae, ainuke, halafu aseme ni kazi gani ya nyumbani iliyomshinda wiki hiyo. Alimfundisha Mama na mazoezi pia. Kama ni sindano zilizosaidia, au mazoezi, au kule kuulizwa vizuri, watafiti ndio watakaosema. Mimi nashukuru vyote, sichagui.

Mvua zilikuja, karanga zikapandwa, na zilipokomaa tulimpelekea daktari fungu. Akauliza hali.

"Inauma kidogo," Mama alijibu, amejaa fahari. "Lakini nimepiga magoti shambani na nimeinuka mwenyewe."

Daktari akamshika mikono yote miwili. Kisha Mama akamwona anavyojinyoosha, kiganja kiunoni.

"Na wewe, binti? Huo mgongo, kuinama kutwa nzima?"

"Kwes," daktari alijibu kabla sijamaliza kutafsiri, kwa lafudhi yetu kabisa.

Mama akavuta bambar kwa mguu, akaisogeza mbele ya daktari.

"Kaa hapa," alisema. "Halafu useme ukweli."