Nyumba ya Bati Katika Ramani ya Majengo ya Kale

Wakati ule nilikuwa nabuni kurasa za programu ya simu ya kuwatembeza watu ndani ya majengo ya kale ya Kampala. Ukigusa jengo kwenye ramani, mlango unafunguka, unaingia, unatazama dari, ngazi, madirisha. Kazi nzuri ukiisimulia. Kuifanya ni kusogeza kitufe kulia asubuhi na kukirudisha kushoto jioni, kwa sababu mkuu wa mradi amebadili mawazo.

Kati ya makanisa na maduka ya zamani nikaingiza nyumba moja ya bati, ya duara, ya kambi ya polisi Naguru. Nilizaliwa ndani ya nyumba kama ile. Mlango wake ni mfupi hata mtu mzima lazima ainame, ndiyo maana watu waliiita "mama ingia pole". Marehemu baba alikuwa konstebo. Sisi watoto tulilala upande huu wa pazia, wazazi upande ule.

Mkuu wa mradi aliitazama, akacheka kidogo. "Dada, hili ni bati. Wageni wanataka kuona urithi."

"Watu wamezalia humo," nikasema.

"Najua. Lakini haivutii."

Tulibishana kikao baada ya kikao, mpaka sauti yangu mwenyewe ikanichosha. Jumapili moja nikampelekea mama simu, kwake Luzira. Nilimkuta anamenya matoke. Akafuta mikono, nikamwonyesha namna ya kuigeuza kwa kidole picha ya ndani ya nyumba ile ya bati. Akaigeuza mara moja.

"Imeisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nageuka tu, nyumba imeisha!" Akacheka, kisha akasogeza tena taratibu. "Hii iko safi sana. Sisi tulikuwa napikia ndani mvua ikinyesha. Ukuta ilikuwa nyeusi."

Akanirudishia simu, akaendelea kumenya. Sikujua kama amefurahi, na sikumuuliza.

Mwishowe wakubwa walikubali nyumba ibaki kama nukta kwenye ramani, na picha moja ya nje, bila mlango wa kufunguka. Ningeweza kukataa. Sikuwa na nguvu ya kikao kingine. Sehemu ya ndani nikaifuta mwenyewe.

Siku programu ilipotolewa, mama alinipigia.

"Sauti yako imechoka. Kuja kula."

Nikaenda, nikala, nikalala kwenye kochi lake mchana kutwa.